Rangi Lushoto: Kipi Ununue, Kipi Uchimbe

Mchoraji wa dhahania aliyejifunza mwenyewe, akiishi Lushoto, huumizwa kwanza na bei ya tyubu. Akriliki ya wasanii huagizwa Dar es Salaam, ikapakiwa basi hadi Mombo, ndipo ipande kona za kilomita kama 33. Na tyubu ya kawaida ina mililita 75 tu. Lita moja ya rangi ya maji ya ukutani ni tyubu 13 na ushee, nayo hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja: mbao 18 za sentimita 60 kwa 90. Kwa weupe wa kutandika chini, sioni sababu ya kununua kingine. Kwa rangi kali haifai, kwa kuwa imejaa chaki.

Rangi ya mafuta ina heshima yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, hakusomea uchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, alichora wanyama wake kwa rangi hiyo ya dukani juu ya hadibodi. Inang'aa na ina nguvu. Lakini Dar ni joto. Huku juu, ukungu wa Julai huifanya inate siku nyingi, na thina chumbani madirisha yakiwa yamefungwa ni sumu. Tena ukipaka ya maji juu yake, itabanduka. Iache iwe ya mwisho.

Nafuu kubwa iko ardhini. Udongo mwekundu wa Usambara una kutu ya chuma, na rangi hiyo haipaushwi na jua. Uloweke, ukoroge, subiri mchanga uzame, kisha mimina tope jepesi kwenye ndoo nyingine. Likitulia, mwaga maji ya juu, kausha, saga, chekecha kwa kitambaa cha marekani. Changanya na gundi nyeupe ya mbao. Gundi ikipungua, rangi itatoka na kidole; hapo usibane pesa. Udongo waombe wanaochimba msingi wa nyumba. Kingo za barabara ziache, mvua inazimaliza yenyewe. Magome ya miwati yakichemshwa na misumari yenye kutu hutoa weusi mzuri, na katani ikigandishwa kwa gundi hiyo hiyo hutoa mikwaruzo ambayo brashi haiwezi.

Bizari iache jikoni: manjano yake hufifia upesi.

Kinachobaki ni buluu, ambayo milima hii huionyesha kwa mbali tu. Hiyo nunua tyubu, moja, nzuri. Wengine hutumia buluu ya kufulia, ambayo ni rahisi mno, ila siku hizi nyingine ni dawa ya kutia rangi tu. Ipake kwenye karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani penye jua mwezi mzima. Nusu mbili zikitofautiana, irudishe kwenye mashuka.