Nani Aliyejua Kula Mweleka? Wanamieleka wa Miaka ya 1980 kwa Jicho la Mhakiki

Katika makala haya nakusudia kuwatazama wanamieleka wa kulipwa wa Marekani waliotamba katika miaka ya 1980, na kujibu swali ambalo mashabiki hubishania mpaka mate yakauke: kati yao, nani hasa walikuwa wakubwa? Najua wapo watakaoguna. Mieleka na uhakiki wa fasihi vinakutana wapi? Na tena mieleka yenyewe ile ya uongo! Namwomba msomaji avute subira, kwani hoja yangu inaanzia papo hapo kwenye huo uongo.

Tukubaliane kwanza juu ya mambo ya msingi. Katika mieleka hii mshindi hupangwa kabla ya pambano. Wapiganaji wanajua nani atashinda na kwa njia gani. Kazi yao ni kuifanya safari ya kufika huko iaminike. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa siri ya kilinge. Lakini mwaka 1989 kampuni ya WWF, iliyokuwa ya Vince McMahon, ilikiri yenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba shughuli yake ni burudani, si mashindano. Si kwamba iliupenda sana ukweli. Ilitaka kukwepa usimamizi wa serikali pamoja na gharama zake. Mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes alikuwa ameshaliona hilo zamani. Kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957 kinaanza na insha juu ya mieleka, na humo anashikilia kuwa huo si mchezo bali ni onyesho, na kwamba mtazamaji hajali kama limepangwa au la.

Basi, kama matokeo yamepangwa, idadi ya ushindi haiwezi kuwa kipimo. Kumsifu mwanamieleka kwa sababu alishinda mara nyingi ni sawa na kumsifu mwigizaji wa tamthilia kwa sababu mhusika wake anarithi shamba katika onyesho la mwisho. Aliyeamua ni mtunzi. Sisi tunaosoma sanaa za maonyesho hatuna budi kutafuta kipimo kingine.

Kipimo hicho nadhani tunacho katika lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili mweleka ni anguko. Mtu hupigwa mweleka, au hula mweleka. Mchezo mzima tumeuita kwa jina la kule kuanguka, wala si kwa jina la ushindi. Na hoja yangu ni hiyo: katika mieleka ya kuigiza, fundi mkubwa ni yule anayekula mweleka. Anayebwaga ndiye anayeonekana, lakini anayebwagwa ndiye mwenye kazi. Yeye huruka kidogo ili ainuliwe kwa urahisi, huutandaza mgongo ili pigo lisambae, kisha hujizoazoa polepole na kwa namna ambayo hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa atajishika kiuno. Bila yeye, stelingi ni jibaba tu lililovaa chupi ya njano.

Stelingi na hadhira yake

Chupi ya njano nimeitaja makusudi, maana hatuwezi kumkwepa Hulk Hogan. Tarehe 23 Januari 1984, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Hogan alimshinda Iron Sheik na kutwaa mkanda wa WWF. Iron Sheik alikuwa Mwirani kweli, jina lake Hossein Khosrow Ali Vaziri, na mieleka ya kweli aliijua tangu kwao. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Wamarekani waliotekwa Tehran waachiwe, kwa hiyo chuki ya hadhira ilikuwa tayari imeiva. Vaziri aliibeba chuki hiyo mgongoni, akalala chini, na enzi ya Hogan ikaanza.

Kwa ufundi wa viungo Hogan hakuwa na mengi. Lakini tusimdharau. Pambano lake lilikuwa na muundo kama wa ngano: shujaa anaanza vizuri, anaonewa, anakaribia kufa, ghafla anatetemeka, mapigo hayamwingii tena, anamnyooshea adui kidole, anampiga teke, anamwangukia kwa mguu, kwisha. Hadhira ilijua yote hayo kabla hayajatokea, kama watoto wanavyojua wimbo wa katikati ya hadithi, na raha yenyewe ilikuwa kuuimba pamoja. Fanani anayeweza kuimbisha watu maelfu kwa kidole kimoja ni fanani, hata kama hajui mitindo mingi. Mtu mwenyewe, Terry Bollea, ni habari nyingine. Shujaa aliyewausia watoto wasali na kula vitamini alikiri mahakamani mwaka 1994 kwamba alitumia dawa za kutunisha misuli, na mwaka 2015 maneno yake ya kibaguzi dhidi ya watu weusi yalipojulikana, kampuni ilimweka kando hadi mwaka 2018. Alifariki Julai 2025. Tukumbuke somo la mwaka wa kwanza: mhusika si mtu anayemwigiza.

Jitu lililokubali kuanguka

Machi 29, 1987, uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan. Kampuni ilitangaza watazamaji 93,173. Wengine wanaipinga hesabu hiyo, ila makumi ya maelfu walikuwapo. Siku hiyo Hogan alimwinua André the Giant na kumbwaga, na picha hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka mpaka leo.

Hebu sasa tuitazame kwa kipimo chetu. André, mzaliwa wa Ufaransa, alikuwa na miaka 40. Ukubwa wake ulitokana na ugonjwa wa homoni za ukuaji, na ugonjwa huo huo ulikuwa unamla viungo. Mgongo wake ulikuwa umeshafanyiwa upasuaji. Watu waliambiwa kwamba hajashindwa kwa miaka 15. Haikuwa kweli, lakini walioko uwanjani waliiamini, au walikubali kuiamini, jambo ambalo kwenye sanaa ni lile lile. Jitu la namna ile usingeweza kulinyanyua bila ridhaa yake. Kwa hiyo, nani aliyelitengeneza tukio lile? Aliyenyanyua, au mgonjwa aliyekubali kunyanyuliwa ili sifa alizozikusanya miaka yote zihamie kwa mwingine? Miaka sita haikutimia, Januari 1993 akafariki, ana miaka 46.

Siku ile ile lilikuwapo pambano jingine, la Randy Savage na Ricky Steamboat, la kama robo saa hivi. Kulikuwa na kisa: miezi michache kabla, Savage alikuwa "amemwumiza" Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni. Savage hakupenda kubahatisha. Alipanga hatua moja moja na kuzirudia na mwenzake kabla ya siku, kama mwongozaji anayewafanyisha waigizaji mazoezi. Na Steamboat, jamani, huyo ndiye bwana wa kuumia. Akipigwa, unaona pigo linavyoingia, linavyokaa, na linavyotoka. Walibadilishana nafasi ya kukaribia kushinda mara nyingi kiasi kwamba hata aliyejua yote yamepangwa alijikuta anapiga kelele. Steamboat alishinda. Ukiwauliza mashabiki wazoefu pambano bora la siku ile, wengi hawatakutajia lile la jitu. Watakutajia hili.

Majigambo

Wasomaji wa fasihi simulizi mtakuwa mmeshajiuliza: majigambo je? Ndiyo, yapo, tena ni nusu ya kazi. Savage alijigamba kwa sauti ya kukwaruza, maneno yakikatikakatika. Lakini bingwa wa ulimi alikuwa Roddy Piper. Alizaliwa Kanada, akavalishwa sketi ya Kiskoti, akapewa kipindi chake cha mahojiano ambacho mgeni aliitwa ili atukanwe. Mwaka 1984 alimpasulia Jimmy Snuka nazi kichwani mbele ya kamera. Piper ndiye aliyeifanya WrestleMania ya kwanza, ya tarehe 31 Machi 1985, iwe na sababu ya kuwapo. Watu hawalipi kiingilio ili kumwona shujaa akipunga mkono; wanalipa ili kumwona jahili akila mweleka. Piper alilijua hilo, na akakubali kuchukiwa ili Hogan apendwe.

Nje ya WWF, kusini mwa Marekani, alikuwapo Ric Flair. Mwaka 1975 alivunjika uti wa mgongo katika ajali ya ndege, akarudi ulingoni. Flair alikuwa bingwa, na bado mtindo wake wote ulikuwa wa kuanguka: anapiga magoti kuomba msamaha, anatembea hatua tatu kana kwamba hajaumia, kisha anaanguka kifudifudi kama mti. Alizunguka mji hadi mji, na kila alikokwenda shujaa wa pale aliachwa akionekana alibakiza kidogo tu kuutwaa mkanda. Mwaka 1989, kati ya Februari na Mei, yeye na Steamboat walifanya mapambano matatu makubwa, na lile la Aprili lilikaribia saa nzima. Mimi nikilazimishwa kupanga, naanza na Flair, kisha Steamboat.

Kinyago kutoka "Uganda"

Lakini kipimo hiki kina swali ambalo hatuwezi kuliruka, hasa sisi wa upande huu wa dunia. Je, kama mtu amepewa kuanguka tu?

Mwaka 1982 huko Memphis aliundwa mhusika aitwaye Kamala, "Jitu la Uganda". Jina si geni kwetu. Nenda Bukoba utawakuta akina Kamala. Alikuwa miguu pekupeku, uso na tumbo vimechorwa rangi, na hasemi neno. Eti alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Kwa watu wa Kagera, waliovamiwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, jina hilo halikuwa la kuchezea. Aliyeigiza aliitwa James Harris, Mmarekani mweusi wa Mississippi. Mwaka huo huo wa 1982 ndio aliofariki Okot p'Bitek. Uganda iliyotoa Wimbo wa Lawino iliwafikia watazamaji wale kama mtu wa mwituni anayepiga tumbo lake.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hapa naona wahenga walipatikana. Hadhira ile ilijichongea kinyago cha Mwafrika, kisha ikalipa ili kikaitishe. Na Harris alikivaa kwa ufundi: mwili mzito kiasi kile, macho ya mtu anayeona taa kwa mara ya kwanza, hofu na ukali kwa pamoja. Alipambana na Hogan, na Agosti 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London. Mkanda wa WWF hakuwahi kuushika. Miezi michache baada ya Wembley alifungiwa ndani ya jeneza. Baadaye alisimulia kuwa malipo yake yalikuwa madogo mno kuliko ya wenzake. Kisukari kilimkata mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki Agosti 2020.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema, "Ah, yote ni uongo tu." Ushindi ulikuwa wa uongo. Anguko halikuwa la uongo. Sakafu ni sakafu. Flair na Steamboat walianguka kisha wakainuka, kwa sababu mtunzi aliwaandikia kuinuka. Harris hakuandikiwa. Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza nani alijua kula mweleka. Aulize pia nani aliupanga mweleka huo, na nani alilipwa.

Orodha yangu basi ni Flair, Steamboat, Savage, Piper, André, na Hogan kwa ajili ya kile kidole. Harris namweka pembeni, si kwa kumshusha, bali kwa kuwa hakupewa mchezo ambao tungeweza kumpimia. Najua wapo watakaoipinga orodha hii, na wengine wataanza na Hogan bila kupepesa macho. Ulingo uko wazi. Waandike.