Makayabu, chumvi na kansa ya tumbo

Kansa ya tumbo imewapata watu wengi Japani na Korea Kusini, ambako samaki na mboga huhifadhiwa kwa chumvi nyingi. Nasi tunakula makayabu. Chumvi nyingi huchubua tumbo kwa ndani, na bakteria aitwaye Helikobakta, ambaye wengi wetu tunaye, huzidisha madhara. Bakteria huyu hutibika kwa dawa.

Usiache samaki. Loweka makayabu, mwaga maji, rudia tena. Usiongeze chumvi sufuriani. Kula mboga na matunda.

Ukiumwa tumbo bila nafuu, ukikonda, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usijitibu kwa dawa za dukani. Njoo kituo cha afya mapema. Ikibidi, utapewa rufaa ya hospitali Kigali ukapimwe.