Rangi nyekundu na mabinti wa Bushwick

Wandugu, leo sitaongelea mbegu. Nimemaliza buku la Jacqueline Woodson, Another Brooklyn, lililotoka mwaka 2016. Ni habari ya wasichana wane weusi, August, Sylvia, Angela na Gigi, wanaokomaa pamoja mu Bushwick, kartie moja ya Brooklyn, mu New York, miaka ya 1970. Wanatembea wote wane, juu wanaume wanawavizia. Kupitia dirisha, August anaona wazungu wanahama.

Walikuwa wanakimbia nini? Hapo inaomba kurudi nyuma.

Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la kusaidia watu wenye deni la nyumba. Kisha shirika lile likachora ramani za miji zaidi ya 200. Kijani ni kartie nzuri, bluu inafuata, manjano inashuka, nyekundu ni hatari. Sasa sikieni: watu weusi kuishi mahali kulihesabiwa kuwa kasoro, sawa vile siye tunahesabu muteremuko ama asidi ya udongo! Bedford-Stuyvesant, jirani kabisa na Bushwick, ilipakwa nyekundu. Serikali ilipoanza kudhamini mikopo ya nyumba ilifuata mawazo ya namna ile, na banki pia. Pasipo mukopo, paa linavuja tu. Kisha mawakala wakaingia: wanaogopesha muzungu eti weusi wanafika, anauza bei ya chini, wao wanauzisha mweusi bei ya juu. Sheria ya 1968 ilikataza ubaguzi ule, lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kuchakaa. Usiku wa tarehe 13 Julai 1977 umeme ulikatika New York, na mu Bushwick maduka mengi yakavunjwa na kuchomwa.

Mu muji wa namna ile njo wale wane wanashikana mikono. Mahali hakuna taa wala mulinzi, kuko wenzako.

Ilinigusa juu mimi pia nimepaka nyekundu. Kisha lisanse nilipata kazi ya muda mufupi, kuchora ramani ya mumomonyoko hapa Bukavu. Muteremuko mumoja niliuweka nyekundu, na haki ya Mungu, udongo pale unateremuka kweli, nyumba mbili zilienda na mvua. Wenye mradi walipoona ile rangi wakasema robine haitafika kule, franga zitapotea.

Kule njo kunaishi mudogo wangu. Kila siku saa kumi na moja ya asubui, yeye na warafiki wake watano wanateremuka na bido mupaka robine ya kartie ingine. Wanangojana. Hakuna anayeenda peke, hata kama atachelewa masomo. Nilimuuliza juu ya nini. Akacheka:

— Yaya, weye si ulipima ile njia?

Niliipima, ndiyo, na GPS, saa sita ya muchana.

Juma lililopita niliamuka nikaenda nao. Nimefungua ramani tena. Rangi nimeiacha, juu udongo haujabadilika, lakini nimeongeza njia yao na pahali patatu walinionyesha, pale wanaacha kuongea na kuharakisha miguu. Siku ya ine naipeleka kwa wenye mradi. Mudogo wangu amesema anakuja pia, na wale watano.