Mimea Nayo Hujikinga na Hewa Chafu



Moshi ukijaa jikoni, mtu hutoka nje. Mharagwe hauna miguu. Hewa chafu huukuta pale pale ulipopandwa. Je, unafanya nini?

Tuchukue mfano wa ozoni. Juu sana angani, ozoni hutukinga na ukali wa jua. Lakini hapa chini ni sumu. Hutokea wakati moshi wa magari, viwanda na takataka zinazochomwa unapopigwa na jua kali. Haionekani kwa macho, na upepo huitoa mjini ukaifikisha mashambani.

Majani yana vitundu vidogo sana vya kupumulia. Ozoni hupitia humo na kuunguza jani kutoka ndani. Hapo jeni huanza kazi. Jeni ni maagizo ambayo mmea umerithi kutoka kwa wazazi wake, nayo yamo ndani ya kila mbegu. Mengine hulala mpaka shida ije. Yakiamka, mmea hutengeneza vitu vya kuzima ile sumu. Lakini ulinzi una gharama: chakula ambacho kingejaza maganda kinatumika kujikinga, na mavuno yanapungua.

Tena mbegu hazilingani. Huko Raleigh, North Carolina, Marekani, watafiti walichagua aina mbili za maharagwe, S156 na R123, zilizotokana na wazazi wale wale wawili. Penye hewa safi zinazaa karibu sawa. Penye ozoni nyingi, majani ya S156 yanapata madoa ya kahawia na maganda yanakuwa machache, lakini R123 inavumilia.

Pia kuna nyasi za Helmshore, Uingereza, mahali palipokaa miaka mingi katika moshi wa makaa ya mawe. Watafiti waliona nyasi za hapo zinastahimili moshi huo kuliko mbegu ya kununua. Si kwamba kila jani lilijifunza. Nyasi dhaifu zilikufa au zikazaa mbegu chache; zenye jeni za kuvumilia ndizo zilizoacha watoto wengi.

Lakini kama mbegu zote ni za aina moja, na aina hiyo ni dhaifu, hakuna cha kuchagua. Shamba lote huumia pamoja.

Basi tufanye hivi:

1. Tusitupe mbegu za zamani kwa sababu tu mpya imefika. Kila mwanakikundi aweke aina mbili au tatu.

2. Tuchague mbegu ya msimu ujao shambani, kwenye mimea yenye afya, sio kutoka gunia tu.

3. Ukiona madoa usiseme mara moja ni moshi. Magonjwa pia huleta madoa. Peleka jani kwa afisa wa kilimo.

4. Tuache kuchoma plastiki na matairi.

Mkutano ujao, kila mmoja alete konzi moja ya kila aina ya maharagwe aliyo nayo nyumbani. Tuzihesabu pamoja, tujue kijiji chetu kimebaki na aina ngapi.