Jozi ya Kati: Weka Dau au Pita?

Mwenye karata nzuri mno hana tabu, wala mwenye karata mbovu hana tabu. Wa kwanza huweka dau, wa pili hutupa karata zake akaagiza kahawa. Mwenye kuumwa na kichwa ni yule aliyeshika karata za katikati, si za kutupwa wala za kujivunia. Katika pokeri, huyo ndiye mwenye jozi ya kati: saba mbili, nane mbili au tisa mbili.

Wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, toka Kibokoni hadi Ndia Kuu, si wageni wa karata. Majina kopa, uru, shupaza na pau, hata turufu yenyewe, yana asili ya Kireno, lugha ya watu walioanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na kung'olewa humo na Waomani mwaka wa 1698. Barazani wengi hucheza kwa sifa tu, kwani kamari ni haramu kwa Mwislamu. Pokeri nayo haina ladha bila dau. Basi nyumbani gawaneni njugu, na mwisho wa mchezo zirudi bakulini.

Hesabu yake

Chukua pokeri inayochezwa zaidi duniani, Texas hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tatu za pamoja hufunuliwa mezani, halafu ya nne na ya tano. Tuseme umeshika tisa ya kopa na tisa ya shupaza. Karibu mara 79 katika kila 100, zile tatu za kwanza zitakuwa na angalau moja iliyo kubwa kuliko tisa. Na kama tisa nyingine haikutokea hapo, itatokea kwenye karata ya nne mara 4 tu katika 100. Kwa hivyo, usiketi ukiingoja.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: 'Haraka haraka haina baraka' na 'Ngoja ngoja huumiza matumbo.' Hapa zote mbili ni kweli, kila moja kwa wakati wake. Kabla ya kuweka dau jiulize: je, yuko mwenye karata dhaifu kuliko zangu atakayelipia? Au yuko mwenye bora atakayetishika azitupe? Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, dau lako halina kazi.

Wakati wa kuweka

Mezani pametokea nane ya uru, sita ya uru na tatu ya pau, nawe umebaki na mpinzani mmoja. Hapo weka dau. Huenda anayeongoza kwa sasa ni wewe. Akiwa na uru mbili, ataipata ya tano kwenye karata inayofuata karibu mara 19 katika 100. Ukipita, umempa nafasi hiyo bure. Mtoze.

Wakati wa kupita

Lakini mezani pakitokea ree, mzungu wa nne na nne, nao wapinzani ni watatu, pita. Ukiweka dau, wenye karata dhaifu watakimbia na mwenye ree atabaki akikungoja.

Kupita si kusalimu amri. Mezani pana njugu 20, mwenzako aweka 10. Unalipa 10 ili upate 30, kwa hivyo yatosha uwe umeshinda mara moja katika kila mara nne. Ikiwa ni mtu wa kutisha bure, lipia. Akizidisha dau tena katika karata ya tano, na si kawaida yake, tupa.

Karata mbovu hazimfilisi mtu, kwani huzitupa mapema. Zinazomaliza bakuli ni hizi za kati, kwa kuwa zinapendeza vya kutosha kumfanya mtu aendelee kulipa. Mwanafunzi anayeota kwenda kuzichezea kwenye kasino akumbuke pia kwamba wenye nyumba hujikatia fungu lao, hata wachezaji wakiwa sawa kwa ujuzi. Njugu zikiisha hununuliwa nyingine; karo ikiisha, mtoto hurudi nyumbani.