Henoc Muamba: mtoto wa Kinshasa aliyefika kileleni mwa mpira wa Kanada

Huku Lubarika, mtu akisema mpira, kila mmoja anaelewa ni kabumbu. Lakini jamaa zenye ndugu Kanada zimekwisha kusikia habari za mpira mwingine: ule wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, ambao kumwangusha aliyeubeba si kosa. Mmoja wa waliopata heshima kubwa katika mchezo huo ni mwana wa Kongo, Henoc Muamba, ambaye sasa amestaafu.

Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1989. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Kanada, ikakaa Mississauga, karibu na Toronto.

Huko, njia ya kufikia mpira wa kulipwa inapita shuleni. Kijana anachezea sekondari, halafu chuo kikuu, na ndipo timu kubwa zinachagua kwa zamu kati ya wanafunzi. Muamba alisoma Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, na mwaka wa 2010 alipewa tuzo ya mlinzi bora wa vyuo vikuu vya nchi nzima. Mwaka uliofuata Winnipeg Blue Bombers walikuwa wa kwanza kuchagua. Walimchagua yeye.

Kiwanjani kila timu ina watu 12. Wenye mpira wanapewa nafasi 3 za kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Wakishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Kazi ya Muamba ilikuwa kusimama katikati ya ulinzi, kutambua mapema mpira unaelekea wapi, na kumwangusha anayeubeba.

Safari yake haikunyooka. Mwaka wa 2014 alikwenda Marekani, akacheza Indianapolis Colts katika ligi ya NFL. Hakudumu huko. Alirudi Kanada, akahama kati ya Montreal na Saskatchewan. Mwaka wa 2019, akiwa Montreal, alitajwa kuwa Mkanada bora wa ligi. Mwaka uliofuata Covid-19 ikafuta msimu mzima.

Mwaka wa 2021 alijiunga na Toronto Argonauts. Tarehe 20 Novemba 2022 wakafika fainali ya Grey Cup mjini Regina, na wapinzani walikuwa walewale Winnipeg waliomchagua zamani. Dakika za mwisho, Toronto ikiongoza kwa pointi moja tu, Winnipeg walirusha mpira na Muamba akaudaka. Toronto ilishinda 24 kwa 23. Yeye, akiwa na miaka 33, alipewa tuzo mbili: mchezaji bora wa fainali na Mkanada bora wa fainali.

Tuzo hiyo ya pili ina maana kwa jamaa zetu. Kwa miaka mingi sheria ya ligi ilidai kila timu ianze mchezo na Wakanada wasiopungua 7. Muamba, ingawa alizaliwa Kinshasa, alihesabiwa kati yao. Mtoto aliyetoka kwetu na kukulia kule anaweza kuipata nafasi hiyo, lakini mlango wake ni shule.

Basi mpwa aliye Kanada akituma picha amevaa kofia ngumu ya mchezo huo, tumpongeze. Halafu tumuulize alama zake za darasani.