Intel na AMD: Prosesa Mbili, Amri Zilezile
Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa ya Intel hufanya kazi pia kwenye ya AMD, kwa kuwa kampuni hizo mbili za Marekani hutumia seti moja ya amri, x86, iliyoanza na prosesa ya 8086 mwaka 1978. Hata hivyo, miundo ya ndani ya prosesa zao hutofautiana. Mwaka 2003 AMD ndiyo iliyoipanua seti hiyo hadi biti 64, na Intel, iliyoibuni, ikafuata nyayo mwaka 2004. Prosesa za ARM, zilizoenea kwenye simu, zina amri nyingine kabisa. Ndiyo maana Apple ilipohamishia kompyuta zake kwenye ARM mwaka 2020 ilitoa Rosetta 2, inayotafsiri amri za x86 ili programu za awali ziendelee kutumika.